Karani Aliyemwachia Dereva

Katika miaka yote niliyomfahamu, Karani hakuwahi kumwita mtu yeyote wa kwenye sinema jambazi. Alimwita mshtakiwa. Mtu angeweza kuingia benki na bunduki mbili, akapiga risasi dari, akawalaza watu wote chini kifudifudi, na Karani, akiwa amesimama kando ya televisheni na kalamu mkononi, angesema kwa sauti ile ile ya utulivu: "Mshtakiwa wa kwanza anamwomba mlalamikaji afungue sefu kwa hiari yake. Mlalamikaji anasita. Mshtakiwa anamweleza madhara ya kusita."

Banda zima la sinema lilicheka. Yeye hakucheka. Alisubiri kelele zitulie, kama alivyosubiri miaka mingi mahakamani, kisha akaendelea.

Namwandika kwa sababu nampenda, na kwa sababu ya hukumu moja aliyoitoa Jumapili moja kwa mzaha. Mimi niliiunga mkono hukumu hiyo. Mtu mmoja aliiamini, akaenda kufungwa miaka thelathini. Lakini nikianza na hapo nitakuwa nimemdhulumu Karani, kwa kuwa yapo mengi kabla ya hapo, na mengi yake yalikuwa ya furaha.

Alizaliwa wapi na ukoo wake ni upi, sijui. Hakusema, nami sikuuliza. Mbulu ya siku zile, tukiwa bado mkoa wa Arusha, ilikuwa na watumishi wengi walioletwa na barua ya uhamisho, na barua ya uhamisho haimwulizi mtu ukoo. Mimi mwenyewe nililetwa hivyo hivyo, mwalimu mgeni mwenye sanduku moja na sweta jepesi lisilotosha baridi ya kule. Nilimkuta yeye keshakuwa mwenyeji. Alikuwa karani wa mahakama moja ya mwanzo. Kazi yake ilikuwa kuita majina, kuapisha mashahidi, Mkristo kwa Biblia na Mwislamu kwa Kurani, na kutafsiri maneno ya wazee ambao Kiswahili kilikuwa kigeni kwao. Lugha yao ile ya milimani alijifunza ukubwani, na wenyewe walisema aliizungumza kama mtu anayevuka mto kwa mawe: polepole, lakini halowi.

Kisha serikali ikapunguza wafanyakazi, naye akawemo. Aliondoka na koti lake la rangi ya majivu, nakala ya Kanuni ya Adhabu isiyo na jalada, na ile namna yake ya kusema.

Ilikuwa miaka ya ruksa. Vitu ambavyo tulizoea kuvisikia tu vilianza kuonekana sokoni: nguo za mitumba kwa marobota, redio kubwa za kaseti, sabuni za kila harufu. Mfanyabiashara mmoja alileta televisheni, deki ya video na jenereta, akajenga banda la mabati nyuma ya soko, akapanga mabenchi. Kanda alizozipata zilikuwa karibu zote za aina moja: watu wanapanga wizi mkubwa, wanaiba, wanauana. Zilikuwa za Kiingereza, au za Kichina, au za lugha ambayo hakuna aliyejua jina lake. Alihitaji mfasiri. Walijitokeza vijana waliosoma Kiingereza sekondari. Karani, ambaye Kiingereza chake kiliishia kwenye vifungu vya sheria, alisimama mbele ya watu akatafsiri nusu saa ya majaribio kwa lugha ya mahakama. Vijana walirudi nyumbani bila kujaribiwa.

Watu wasiokuwepo huniuliza ni nini hasa kilichotuchekesha. Ngoja nieleze taratibu. Sinema zile zilitaka tumwogope mwizi, au tumtamani. Alikuwa na miwani nyeusi, gari zuri, maneno machache. Karani alimvua hivyo vyote kwa kumwita mshtakiwa wa pili. Mtu akiitwa mshtakiwa wa pili, hata awe na bunduki ya namna gani, unamwona amesimama kizimbani na ndala, anajikuna shingo. Ndiyo kejeli yake ilivyokuwa. Hakuongeza neno la kuchekesha hata moja. Alikitaja tu kitendo kwa jina lake la kisheria, na kitendo kikapungua ukubwa.

Alikuwa pia mwalimu kuliko mimi niliyeajiriwa kwa kazi hiyo. Sinema ikifika penye wizi, alisimamisha kanda. "Sikilizeni," alisema. "Nikichukua debe la mahindi la huyu mama wakati hayupo, nimefanya nini?"

"Wizi."

"Nikimpiga kofi ndipo nilichukue?"

"Unyang'anyi."

"Nikija na panga?"

Hapo watu walijibu kwa sauti ya chini. "Unyang'anyi wa kutumia silaha."

"Miaka mingapi?"

"Thelathini."

"Isiyopungua. Hakimu hana ruhusa ya kukuonea huruma. Hata akilia, analia na kalamu iko kwenye thelathini." Kisha akabonyeza kanda iendelee. Nimefundisha uraia miaka mingi, na sijawahi kupata darasa lililojibu kwa pamoja namna ile.

Kitu kingine alichokifanya sijakiona kwingine popote. Katika sinema hizi mlinzi wa benki hufa dakika za mwanzo, na hakuna anayemkumbuka tena. Karani alisimamisha kanda mlinzi akiwa bado anaanguka. Alituuliza: "Nani anamfahamu marehemu?"

Mara ya kwanza tulicheka. Alingoja. Mtu mmoja nyuma akasema kwa utani, "Mimi. Ni shemeji yangu."

"Pole sana, shemeji. Ameacha watoto wangapi?"

"Watatu."

"Wanasoma?"

"Wa kwanza yuko darasa la nne."

"Nani atalima shamba msimu huu?"

Mama mmoja aliyekuja na kapu lake la sokoni akasema, "Tutasaidiana." Karani akaandika kwenye daftari lake, tutasaidiana, kisha akaturudisha kwenye sinema. Tangu siku hiyo kila mlinzi aliyeuawa alikuwa na mke, na mbuzi, na mtoto wa darasa fulani, na tukajikuta tunamlinda mlinzi kwa macho tangu anapotokea. "Bwana mdogo, usisimame hapo mlangoni," watu walimwambia. "Hao wanakuja."

Mambo yake mengine hayakuwa na mpangilio. Hakuitikia shikamoo ya mtu aliyekuwa juu ya baiskeli, alisubiri ashuke. Aliogopa ng'ombe, katika nchi ambayo hata mtoto wa miaka sita anawachunga. Akiwaona mbele alikatiza njia ya mbali na kusema amekumbuka shughuli. Ikifika alasiri alizima deki, akasema, "Mahakama inaahirishwa kwa dakika kumi," akaenda kuswali nyuma ya banda, na watu ambao wengi wao walikuwa wametoka misa asubuhi walikaa kimya wakimsubiri; hakuna aliyegusa mashine. Alikuwa mkali juu ya sheria kiasi cha kuchosha. Hata hivyo banda lile halikuwa na leseni. Alilijua hilo, na kila Jumapili alianza kwa kukiri: "Mahakama inakumbusha kwamba inaketi ndani ya kosa." Aliwalaani washtakiwa wote, lakini mshtakiwa akiwa mzee na akafa vibaya, Karani aligeukia ukutani kutafuta kitu mfukoni, na tafsiri ilikatika kwa muda.

Alikuwa na misemo yake. "Ukimshikia mwizi ngazi, umepanda naye." Huu aliutoa mahakamani, na maana yake ni rahisi: watu wakikubaliana kutenda kosa, kosa la mmoja ni la wote, aliyeingia ndani na aliyebaki nje. Sheria inaiita nia ya pamoja. Aliurudia mara nyingi mno. Mwingine ulikuwa, "Kutojua sheria si kinga." Huo nao aliupenda.

Sasa nieleze desturi iliyotufikisha tulipofika. Katika mahakama ya mwanzo hakimu haamui peke yake. Hukaa na wazee wa baraza wawili, raia wa kawaida, na kila mmoja ana sauti yake. Wawili wakikubaliana wanamshinda wa tatu. Karani aliileta desturi hiyo bandani. Sinema ikiisha, aliwaita watu wawili mbele, akawakalisha kwenye benchi, akawauliza maoni juu ya kila mshtakiwa aliyebaki hai. Kisha yeye kama hakimu akatoa yake. Watu walibaki kwa ajili ya hilo zaidi kuliko sinema yenyewe. Hata katekista wetu, aliyekuja mara ya kwanza kutukemea kwa kuangalia mauaji siku ya Bwana, alikaa hadi hukumu, na Jumapili iliyofuata alikuja mapema apate kiti.

Siku ninayoisema, sinema ilikuwa ya watu watano walioiba dhahabu. Wanne waliingia ndani. Wa tano, mtu mnene wa makamo, alibaki kwenye gari akila mkate. Tulimpenda tangu alipotokea. Alikuwa na mke mgonjwa, alivaa sweta lililotoboka kiwiko, na risasi zilipoanza kulia alizima redio ya gari ili asikilize vizuri, kisha akaifungua tena. Wale wanne waliuawa. Polisi walimzunguka yeye akiwa bado na kipande cha mkate. Hapo kanda ikaisha. Ilikuwa nakala ya nakala, ikakatika.

Watu wakadai hukumu. Karani akamwita katekista, na akaniita mimi.

"Mzee wa baraza wa kwanza, unasemaje?"

Katekista alisimama. "Ana hatia. Alijua wanakwenda wapi."

"Wa pili. Mwalimu."

Nilitazama watu. Mbele kabisa alikaa Bura, kijana wa miaka ishirini na kitu, dereva wa pikapu ya mfanyabiashara mwingine, aliyekuwa akipeleka mizigo minadani hadi Katesh. Alikuwa mtu wa kucheka kwa mwili mzima. Akasema, "Mwalimu, dereva ni mtu wa kazi. Akiambiwa subiri, anasubiri."

Watu wakapiga makofi. Nikasema, "Namwachia." Nilikuwa nacheka.

Ikabaki sauti ya Karani. Alitutazama, akatazama kioo cha televisheni kilichobaki cheupe. Alijua jibu, nimeshasema aliurudia ule msemo wa ngazi mara ngapi. Lakini banda lilikuwa limejaa hadi mlangoni, na lilimtaka yule mtu wa mkate arudi kwa mkewe. Karani akafunga daftari.

"Mahakama imeona kwamba mshtakiwa wa tano hakuiba, hakupiga, wala hakushuka garini. Anapewa onyo kwa kuegesha mahali pasiporuhusiwa. Anaachiwa huru."

Mabati yalitikisika kwa kelele. Bura alisimama juu ya benchi. Katekista peke yake hakupiga makofi, alisema, "Karani, hiyo si sheria," na Karani akamjibu, "Leo ni Jumapili, Katekista." Watu wakacheka zaidi. Nadhani huo ndio wakati pekee niliomwona Karani akitabasamu katikati ya kazi.

Miezi michache baadaye, vijana wawili walimwomba Bura awapeleke kwenye barabara ya Hanang siku ya mnada. Walikuwa na panga ndani ya gunia. Alijua, kwa sababu walimwambia. Walimwambia pia kwamba yeye hatashuka. Akakubali. Walimvamia mnunuzi wa ng'ombe aliyekuwa akipita njia ya mkato, wakamkata mkono, wakamnyang'anya mkoba. Bura alisubiri barabarani. Katika sinema dereva huondoka kwa kishindo. Pikapu ya Bura ilikuwa na betri mbovu, haikuwaka bila kusukumwa. Wale wawili wakasukuma, ikakataa. Walikuwa wakipita watu wanaotoka mnadani, watu wema, wakaweka chini mizigo yao wakasaidia kusukuma. Walioisukuma ndio waliokuja kumtambua.

Lakini hata hao hawakuhitajika sana. Bura alipokamatwa hakukana chochote. Alieleza kituoni kila kitu mwanzo hadi mwisho, nani alisema nini, panga lilikuwa wapi, akatia dole gumba chini ya maelezo yake kwa moyo mweupe. Alikuwa na hakika atarudi nyumbani jioni. "Mimi nilikuwa dereva tu," alisema. "Sikushuka."

Habari ilimfikia Karani sokoni. Mtu mmoja alimwambia kwa mzaha, "Mteja wako yuko ndani, anakutaja." Niliambiwa aliweka chini kilo ya sukari aliyoinunua, akaondoka bila kuichukua.

Kesi ilisikilizwa mahakama ya wilaya, maana kosa kama hilo haliendi mahakama ya mwanzo. Nilihudhuria siku ya hukumu. Bura alikuwa amekonda, na bado alikuwa na ile hakika. Alipoulizwa kama ana la kusema, alisema, "Mheshimiwa, dereva si mwizi. Hata Karani anajua." Watu wachache nyuma walicheka kwa kujizuia. Karani alisimama katikati ya watazamaji, koti limefungwa vifungo vyote.

"Mheshimiwa, naomba kusema neno."

"Wewe ni nani katika shauri hili?"

"Mimi ndiye niliyemwambia."

Hakimu, ambaye alikuwa mgeni na kijana kuliko yeye, alimwangalia kwa adabu. "Mzee, hata nikikusikiliza, sheria haijaniachia nafasi. Kaa tafadhali."

Karani akakaa. Alikuwa ametueleza jambo hilo mara mia: kalamu iko kwenye thelathini. Wote watatu walipata thelathini. Bura aligeuka, hakumtafuta mama yake, alimtafuta Karani, na uso wake ulikuwa bado unangoja mtu aseme kwamba sasa imetosha, sinema imeisha.

Mama yake alikuwa amekaa karibu na mlango, mjane kutoka Bashay, shuka begani. Kiswahili hakukielewa vizuri. Aliuliza jirani, miaka mingapi. Jirani akamwonyesha vidole vyote kumi, akafunga, akavifungua tena, akafunga, akavifungua tena.

Rufaa aliiandika Karani mwenyewe, kwa mwandiko wake ulionyooka, akapanda basi kuipeleka Arusha. Aliweka sababu nne. Tatu zilikuwa za kawaida. Ya nne ilisema kwamba mrufani alipotoshwa kuhusu sheria na mtu aliyemwamini. Niliisoma kabla hajaipeleka. Nikamwambia, "Karani, si wewe uliyetufundisha kwamba kutojua sheria si kinga?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Basi wataikataa."

"Wataikataa kwa mstari mmoja. Nataka iandikwe tu mahali."

Waliikataa, kwa mstari mmoja.

Bandani aliendelea Jumapili chache. Mwenye banda alimsihi, kwa kuwa bila yeye watu hawakuja. Alisimama kabla ya sinema akasema: "Siku fulani nilimwachia dereva. Mlipiga makofi. Hukumu ile ilikuwa ya uongo, nami nilijua ni ya uongo. Dereva ana hatia sawa na aliyeshika panga." Alisema maneno hayo hayo kila Jumapili, kisha akatafsiri bila kusimamisha kanda, bila wazee wa baraza. Watu walichoka. Kijana mmoja alimwambia, "Karani, tumeshasikia, weka sinema." Jumapili moja hakuja. Baadaye zikaja kanda zilizotafsiriwa tayari na vijana wa mjini wenye sauti za haraka, wanaopaza sauti pamoja na risasi, na kwa vijana wetu hiyo ndiyo ikawa kutafsiri.

Nisieleweke vibaya. Sitaki mtu asome hapa aone kwamba kicheko ni kosa. Nimewaza sana juu ya hilo, na ninapowafundisha watoto mpaka leo nawaambia, chekeni. Miaka ile kicheko cha Karani kilitufanya tuwaone walinzi, na sheria tukaijua wakati wengi wetu hatukuwahi kufungua kitabu chake. Alikosea mara moja tu, na alikosea hapo alipoacha kusema jina halisi la kitendo ili atupendeze. Na sisi tulimtaka atupendeze. Katekista alitwambia.

Mimi nilihamishiwa Katesh, wilaya ya Hanang. Mkoa ukagawanywa, tukawa Manyara, ofisi zikahamia Babati, kila barua ikabadilika kichwa. Miaka ikapita. Nilisikia kwamba Karani amehama Mbulu mjini, lakini hakuna aliyenieleza kwa uhakika alikokwenda. Wengine walisema amerudi kwao, popote palipokuwa.

Kisha nilipata safari ya kikazi Bashay, kusimamia mitihani. Siku ya mwisho, asubuhi, mwalimu mwenyeji alinipitisha kando ya mashamba ya vitunguu saumu. Ni kilimo cha subira: unapanda punje moja moja kwa mstari, unapalilia kwa mkono, huwezi kukimbia. Katikati ya mistari aliinama mzee mwenye koti la majivu lililofifia hadi kukosa rangi. Hatua chache kutoka kwake alikuwa amefungwa ng'ombe dume, naye anapalilia bila kumjali.

"Shikamoo, Karani."

Alinyooka taratibu, akanitazama miguuni kwanza, kuona kama nimesimama ardhini. "Marahaba, Mwalimu. Umekuja na baridi."

Mwalimu mwenyeji akatangulia. Karani alinieleza, kwa ufupi, kwamba lile ni shamba la mama yake Bura. Alikuja msimu ule rufaa ilipokataliwa, kumletea barua na kumsomea. Alimkuta analima peke yake, akashika jembe siku hiyo, vibaya, mpaka mama akamcheka. Akarudi kesho yake. Sasa alikuwa amekodi chumba jirani.

"Umekuwa hapa miaka yote hiyo?"

"Misimu tisa."

"Na Bura?"

"Namwona mara mbili kwa mwaka. Anajifunza useremala. Anaulizia shamba." Akafuta udongo kwenye kidole. "Mimi atakapotoka sitakuwepo, Mwalimu. Hesabu inakataa. Ndiyo maana nafurahi umekuja leo."

"Kwa nini leo?"

"Mama huyu ananishukuru. Kila siku ananishukuru, ananipa maziwa, anawaambia watu kanisani kwamba Mungu amemletea Mwislamu. Siku ile mahakamani hakuelewa nilichosema, na kila nikianza kumwambia ulimi unakwama. Ungekaa karibu tu. Nikisema pungufu, unirekebishe."

Mama alikuja na birika la chai ya maziwa. Alikuwa amezeeka vizuri, mgongo bado umesimama, na Kiswahili chake kilikuwa kimekua. Alinisalimu, akauliza habari za safari, za shule, za watoto, moja baada ya nyingine, kama inavyopasa. Alipokwisha kumimina, Karani alivua kofia.

Alimweleza katika lugha yake, ile ya kuvuka mto kwa mawe, kisha akarudia kwa Kiswahili ili nami nisikie. Alisema kulikuwa na banda la sinema. Alisema kulikuwa na dereva wa kwenye sinema ambaye watu walimpenda. "Nilijua ana hatia, mama. Nikasema hana, kwa ajili ya makofi. Mwanao alikuwa amekaa mbele. Alinisikia akaamini."

Hakusema pungufu.

Mama aliweka birika chini. Alitazama shamba kama mtu anayetafuta mahali palipobaki majani.

"Ungesema ana hatia," aliuliza mwishowe, "Bura asingekwenda?"

Karani, ambaye nilimwona akijibu maswali ya banda zima pasipo kufungua kitabu, aliikunja kofia yake mikononi.

"Sijui, mama."

"Na mimi sijui." Akanigeukia. "Na wewe, Mwalimu, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Aliniuliza maoni yangu mbele ya watu. Nikasema aachiwe."

Aliitikia kwa kichwa, mara moja tu, wala si kwa kusamehe. Alichukua vikombe vyetu, chai ikiwa bado nusu, akaimwaga pembeni, akavipanga ndani ya kapu. Kisha akamwonyesha Karani mstari aliouacha katikati, na mimi akanionyesha uliofuata.

Nikavua viatu. Basi la kwenda Katesh lilipita juu barabarani bila mimi, na hakuna aliyeinua kichwa.